Maneno Makubwa na Mipaka Yake

Mwanzoni mwa muhula huu vijana watatu wa kidato cha tatu walinijia ofisini, wakapiga hodi kwa adabu, na mmoja wao akanitolea daftari jipya lisiloandikwa kitu. "Shikamoo, mwalimu," akasema, "tumekuja kukuomba utuandikie maneno makubwa ya Kiingereza." Nikamwuliza, "Makubwa kiasi gani?" Akajibu, "Yale ambayo mtu akiyasikia hubaki ameduwaa." Wenzake wakacheka, nami nikacheka, lakini nikawaambia waniachie daftari kwa siku tatu nifikiri. Siku tatu zimekuwa miezi miwili, na jibu limekuwa refu kuliko nilivyodhani. Ndiyo sababu nimemwomba mhariri anipe nafasi katika gazeti letu. Nimeandika kwa Kiswahili kwa kusudi, ili wazazi nao wasome, maana wao ndio wanunuzi wa kamusi.

Kwanza niwape habari yangu mwenyewe, nayo si ya kujisifu. Katika mwaka wangu wa pili wa ualimu, nikiwa katika shule nyingine, kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne alikuja kuniomba barua ya kumsifu, aende nayo kuomba kazi ya ukarani katika kampuni moja mjini. Alikuwa kijana mwema sana. Alipokuwa kiranja wa bweni hakungoja kutumwa. Wagonjwa aliwapelekea uji kitandani, na wadogo aliwasaidia kubeba ndoo. Nilitaka neno moja la Kiingereza litakalobeba sifa hizo zote. Nikafungua kamusi kuukuu iliyokuwa kabatini, jalada limetoka na kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa, nikakuta neno "officious", na mbele yake maelezo mafupi: mwenye kuwatendea watu wema, mwepesi wa kutumika. Nikafurahi kama mtu aliyeokota lulu. Nikaandika kwamba huyu ni kijana "officious" kuliko wote niliopata kuwafundisha, nikatia sahihi na muhuri, nikamtakia heri.

Wiki ya pili akarudi. Barua ilikuwa mkononi mwake, na chini ya lile neno mtu alikuwa amepiga mstari kwa kalamu nyekundu. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nilikukosea nini?"

Sikujua la kumjibu mpaka nilipoazima kamusi mpya kwa mwalimu mwenzangu. Humo "officious" ni mtu ajitiaye mbele katika mambo yasiyomhusu, mwenye kuamrisha watu na kuwasumbua kwa sababu ya cheo kidogo alicho nacho. Ni kweli kwamba zamani neno hilo lilikuwa la sifa. Kamusi yangu haikusema uongo, ilisema kweli ya zamani. Usiku ule ule niliandika barua nyingine, na asubuhi nikapanda basi kuipeleka mwenyewe. Karani wa mlangoni akaniambia kwa upole kwamba nafasi imekwisha kupata mtu. Kijana yule sasa ni mtu mzima, ana duka lake la vipuri vya baiskeli na pikipiki, na tukikutana hunisalimu vizuri. Lakini mimi sijaisahau ile kalamu nyekundu.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuulizia mipaka ya neno kabla sijalitumia. Nasema mipaka kwa sababu Kiingereza chenyewe chasema hivyo: neno "define" asili yake ni Kilatini, "finis", yaani mpaka au mwisho. Kueleza maana ya neno ni kama kulizungushia shamba minyaa, ili kila apitaye aone lilipoanzia na lilipoishia. Maelezo ya namna hiyo twayaita fasili. Njia ya kuyatengeneza ni ya kale. Aristotle, yule mwanafalsafa wa Uyunani aliyekufa mwaka 322 kabla ya Kristo, alikwisha kuifundisha. Kwanza utaje jamii ya kitu, kisha utaje kinachokitenga na ndugu zake wa jamii ile.

Tujaribu kwa kitu tukijuacho. Ungo ni nini? Nimeuliza swali hili katika madarasa mengi, na jibu la kwanza ni lile lile: "Ungo ni kitu cha kupepetea." Basi mimi huchukua kifuniko cha sufuria, nikakitikisa, nikauliza kama hicho nacho ni ungo, maana naona chapepea. Wanacheka. Mwingine husema, "Ni chombo cha kusukwa." Na pakacha je? Na kikapu? Hapo darasa huchangamka, kila mtu akitaka kusema, mpaka mmoja aliyezoea kupepeta mchele nyumbani akatulia akasema: ungo ni chombo cha kusukwa, cha mviringo, kipana, chenye kina kifupi na ukingo mgumu, cha kupepetea nafaka. Jamii yake ni chombo; yaliyobaki yote ni minyaa.

Sasa tuingie katika Kiingereza. Mwanafunzi akiniuliza maana ya "gaunt" naweza kumjibu kwa neno moja, "mwembamba". Ataandika "gaunt, mwembamba" katika daftari lake na ataondoka ameridhika. Lakini nitakuwa nimempa jamii nikamnyima tofauti. Kesho ataandika katika insha kwamba bibi arusi alikuwa mrembo, mrefu na "gaunt", na mwenye arusi akisoma atakasirika. Mtu "gaunt" amekondeshwa na njaa, ugonjwa, uzee au taabu, hata mifupa ya uso imejitokeza. "Slender" ni mwembamba wa kupendeza, na hilo ndilo neno la bibi arusi. "Skinny" ni mwembamba kupita kiasi, na asemaye hivyo hasifu. "Lean" ni mtu asiye na mafuta mwilini, lakini aweza kuwa na nguvu nyingi, kama mkimbiaji wa mbio ndefu. Ndiyo maana hata nyama isiyo na mafuta huitwa hivyo hivyo.

Katika mambo ya fedha ni vivyo hivyo. "Thrifty" ni mtu atumiaye fedha zake kwa uangalifu, na hiyo ni sifa. "Frugal" ni mtu aridhikaye na kidogo katika chakula na mavazi, nayo aghalabu ni sifa. "Stingy" ni mchoyo, yule tumwitaye mkono wa birika. "Miserly" ni mchoyo aliyezidi, alimbikizaye fedha hata akajinyima mwenyewe. "Parsimonious" ni neno la vitabuni la uchoyo huo huo. Ukilisema sokoni utakuwa umelipoteza bure. Mzazi mwenye watoto sita wanaosoma hana budi kuwa "thrifty". Ukimwandikia barua ya shukrani ukamwita "parsimonious", usishangae fedha zako za matumizi zikichelewa.

Wala msidhani kwamba Kiingereza kina neno kwa kila jambo. Kina "fragrance" kwa harufu nzuri kama ya maua, "aroma" kwa harufu nzuri kama ya kahawa au viungo, na "stench" kwa uvundo. Lakini kwa shombo, ile harufu ya samaki isiyotoka mkononi, hakina neno lake lenyewe. Mwingereza hueleza kwa maneno matatu manne, nasi wa pwani twamaliza kwa moja.

Hatari iliyo kubwa kwetu ni pale neno moja la Kiswahili linapofunika mawili ya Kiingereza. Kwetu kuazima ni kwa atoaye na kwa apokeaye. Twasema "niazime kalamu", na twasema "nimeazima kalamu", wala hakuna anayechanganyikiwa. Kiingereza kimegawa kazi hiyo: atoaye, "lend", apokeaye, "borrow". Kwa hiyo kila siku darasani nasikia "borrow me your pen", na kwa bahati njema mwenye kalamu naye ni Mswahili, huelewa. Mkono wetu ni mmoja toka begani mpaka kwenye kucha, lakini wao wana "arm", kisha kuanzia kifundo ni "hand". Mguu nao ni "leg" na "foot". Kusikia kwetu ni kwa sauti, na njaa, na baridi, na maumivu. "Hear" ya Kiingereza ni ya masikio tu, na mgonjwa akimwambia daktari mgeni "I hear pain" asistaajabu akianza kuchunguzwa masikio.

Lipo na neno "escort", nalo nimelikuta katika insha zisizopungua kumi muhula huu: mgeni alikuja, akala, akaaga, "and we escorted him". Najua mwandishi alitaka kusema kwamba walimsindikiza. Lakini fasili ya "escort" ni kufuatana na mtu ili kumlinda, au kumpa heshima ya cheo chake, au kuhakikisha hatoroki. Polisi humfanyia hivyo waziri, na humfanyia hivyo mfungwa. Kule kwetu kutembea na shangazi mpaka njia panda, mmoja amebeba kapu lake na mazungumzo yaliyokatizwa nyumbani yakimaliziwa barabarani, kwa Kiingereza hakuna neno moja lililo sawa nako. "See off" lakaribia, na "walk her to the bus stop" laeleza, lakini mapenzi yaliyomo katika kusindikiza hayaonekani. Hapo ndipo mwanafunzi anapotambua kuwa kutafsiri neno kwa neno ni kama kubadilishana fedha kwa mtu asiyejua bei.

Tena neno lina cheo chake na mahali pake, na hili wazazi wanalijua kuliko watoto. Mbuzi hafariki, mbuzi hufa. Mzee wa mtaa amefariki. Mtoto akisema "babu yako amekufa" mbele ya wafiwa, watu watamtazama, ingawa maana ni moja. Kiingereza kina mambo hayo hayo. "Die" ni neno la wote, la mtu na la mti. "Pass away" husemwa kwa upole juu ya wanadamu, na ukilitumia kwa kuku wa jirani utachekwa. "Perish" ni kufa katika maafa, kama vile moto au chombo kuzama. Na vitu viozavyo upesi, kama nyanya na samaki, huitwa "perishable". Kamusi nzuri huandika pembeni kama neno ni la heshima, la mitaani, la kisheria, au la kale. Wanafunzi wengi huruka alama hizo ndogo kwa kuwa zimefupishwa. Mimi niliziruka, tena katika kamusi niliyotumia hazikuwamo.

Nadhani yafaa kueleza kidogo habari za kamusi zenyewe, maana watu wengine hudhani zilishuka zimekwisha kuandikwa. Samuel Johnson alitoa kamusi yake London mwaka 1755, mabuku mawili mazito, yenye maneno zaidi ya 42,000. Humo "officious" limepewa maana mbili, ile njema kwanza na ile mbaya ya pili. Basi hata wakati ule neno lilikwisha kuanza kuharibika. Miaka mia baadaye, mwaka 1857, wataalamu wa lugha wa London walianza shauri la kutengeneza kamusi iliyo kubwa zaidi, itakayoonyesha kila neno lilivyoishi tangu lilipozaliwa. Hiyo ndiyo kamusi kuu ya Oxford. James Murray alikabidhiwa uhariri mwaka 1879; watu wa kujitolea, wengi hata hakuwajua kwa sura, wakawa wanasoma vitabu na kumpelekea vikaratasi, kila kikaratasi neno moja na sentensi lilimotumika. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1884. Murray alikufa mwaka 1915 kazi ikiendelea, na kamusi ikamalizika mwaka 1928 ikiwa na maneno 414,825. Hata hivyo neno moja lilisahauliwa: "bondmaid", yaani mjakazi. Vikaratasi vyake vilikuwa vimepotea. Huwa nawaambia hayo wanafunzi wanaolia kwa kukosa alama moja.

Lakini kamusi hiyo kuu haikuandikwa kwa ajili ya mtu anayejifunza. Mwanafunzi akitafuta neno moja gumu huelezwa kwa maneno matatu yaliyo magumu zaidi, naye huzunguka kama ng'ombe wa kinu cha mafuta. Waliotuhurumia walikuwa walimu wenye wanafunzi kama ninyi. Michael West alifundisha Bengali, na mwaka 1935 yeye na James Endicott walitoa kamusi ieleezayo maneno na misemo 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu. Fikirini hesabu hiyo: mwenye kujua maneno 1,490 aweza kufunguliwa mlango wa mengine yote. A. S. Hornby alifundisha Ujapani, na kamusi aliyoitengeneza na wenzake ilichapwa Tokyo mwaka 1942. Mwaka 1948 ikatolewa na Oxford, na mpaka leo huchapwa upya kwa jina la kamusi ya wanafunzi walioendelea. Mzazi anayetaka kununua kamusi na anunue ya namna hiyo, ya wanafunzi, wala asivutwe na unene. Atazame mwaka wa kuchapwa katika kurasa za mwanzo. Ikiwa kurasa hizo zimeliwa na mchwa, airudishe. Na wale wenye kutumia kamusi za simu wakati wa likizo, wasiishie mstari wa kwanza. Maana iliyowekwa juu si lazima iwe ndiyo waliyoitafuta.

Niseme pia juu ya mizizi ya maneno, maana ni sehemu niipendayo, na mhariri amenionya nisiirefushe. Kiingereza kimeazima maneno mengi sana ya Kilatini, na mengine yamefuatana kama watoto wa mama mmoja. "Spect" ni kutazama: "spectator" mtazamaji, "inspect" kutazama ndani kwa kukagua, "prospect" yatazamiwayo mbele, "retrospect" kuangalia yaliyopita. "Bene" ni vema na "male" ni vibaya. Basi "benevolent" humtakia mtu heri na "malevolent" humtakia shari. Anayejua mizizi ishirini hubashiri maneno mia. Abashiri tu, kisha athibitishe kwa kamusi. Mwanafunzi mmoja alinieleza kwa ujasiri kwamba "in" mwanzoni mwa neno ni kukanusha, kama "visible" na "invisible", kwa hiyo tangi la petroli lililoandikwa "inflammable" halishiki moto. Nilimshika bega. Neno hilo lina "in" nyingine, ile ya kutia ndani, nalo maana yake ni kitu kishikacho moto upesi. Ni sawa kabisa na "flammable". Kwa sababu ya hatari hiyo watu wa usalama wamependelea kuandika "flammable". Na "invaluable" si kitu kisicho na thamani, ni kitu chenye thamani isiyokadirika. Laiti ningaliliandika hilo katika barua yangu.

Maneno mengine ni ndugu zetu bila sisi kujua. "Monsoon" na msimu baba yao ni mmoja, Kiarabu "mawsim". Letu lilikuja na majahazi, lao lilipita kwa Wareno. Sifuri yetu na "zero" na hata "cipher" yote yametoka katika "sifr". "Admiral" ana undugu na amiri na amri. "Tariff", yaani orodha ya ushuru au bei, na taarifa yetu asili yao ni "taarif", kujulisha. Na Waarabu mpaka leo fasili ya neno huiita kwa neno hilo hilo. Tena "magazine", jina la gazeti kama hili mnalolisoma, asili yake ni ghala, kwa Kiarabu "makhzan", mzizi ule ule uliotuzalia hazina. Lilianza kuitiwa gazeti mjini London mwaka 1731, Edward Cave alipolitoa lake akiliita ghala la habari kwa waungwana. Neno "safari" lilichukuliwa kwetu, lakini lilipofika kwao likapunguzwa mipaka: kwa Mwingereza ni safari ya kwenda kuwinda au kutazama wanyama wa porini. Mwanafunzi akiandika "I made a safari to my grandmother", msomaji wa London hujiuliza bibi huyo anaishi na simba wangapi.

Basi jibu langu kwa vijana wale watatu lilikuwa nini? Sikuwaandikia maneno. Niliwaita, nikawafundisha mchezo ambao sasa huchezwa Ijumaa kipindi cha mwisho, nao tumeuita Neno Mgeni. Mwanafunzi mmoja hutoka nje ya darasa akiwa yeye ndiye neno. Hupiga hodi. Wenzake humkaribisha, lakini hawampi kiti mpaka ajibu maswali. Wewe ni wa kabila gani, jina, kitendo au sifa? Jamii yako ni ipi, na nini kinachokutenga na ndugu zako? Ulitoka wapi? Hupenda kufuatana na nani? Na katika nyumba gani hukaribishwi?

Wiki ile alikuja "notorious", msichana mfupi wa mbele, amesimama kwa kiburi kama mgeni rasmi. Akasema yeye ni sifa, na jamii yake ni kujulikana na watu wengi. Mvulana wa nyuma akadakia, "Basi wewe na "famous" ni mamoja, shule yetu ni "notorious" kwa mpira!" Msichana akamtazama akamjibu kwamba "famous" ni ndugu yake wa heshima, na yeye ni yule anayejulikana kwa ubaya. Akaulizwa hufuatana na nani. Akasema na mwizi, na tapeli, na barabara yenye ajali nyingi. Akaulizwa wapi hakaribishwi, akafikiri kidogo, akasema, "Katika barua ya kumsifu mtu." Darasa halikujua kwa nini mwalimu aligeuka kufuta ubao uliokuwa safi.

Yule kijana mwenye daftari sasa huandika humo maneno matano kwa wiki, si zaidi. Upande wa kushoto huandika fasili yake mwenyewe kabla hajafungua kamusi. Upande wa kulia huandika aliyoikuta. Kisha hutunga sentensi mbili za mambo ya kwao, mvua, ng'ombe, kaka yake mvuvi. Nimelikagua. Pande mbili zilizotofautiana sana ndizo alizozikumbuka vizuri nilipomjaribu baada ya mwezi. Hesabu yake itakuwa ndogo mbele ya mwenziwe aliyenakili maneno mia tatu kwa usiku mmoja, lakini huyo wa mia tatu nilimwuliza ishirini akajibu mawili, na moja lilikuwa "gaunt, mwembamba".

Kwa likizo hii natoa fasili saba, nanyi mtafute neno moja moja la Kiingereza kwa kila fasili. Mwandiko usiosomeka kwa ubaya wake. Maji yafaayo kunywewa. Mtu awezaye kutumia mikono yote miwili sawasawa. Mtu atembeaye akiwa usingizini. Mtu aliyeishi wakati mmoja na mwingine. Asiyeweza kukosea kamwe. Hotuba itolewayo bila kutayarishwa. Hii ina majibu zaidi ya moja, na atakayeleta mawili pamoja na mipaka yake atapewa nafasi ya kuchagua Neno Mgeni la Ijumaa ya kwanza. Wazazi pia wanakaribishwa kujaribu. Majibu yatiwe katika sanduku lililo mlangoni mwa maktaba kabla ya mwisho wa wiki ya pili, yenye jina na kidato, na kwa mwandiko ambao hautahitaji jibu la fasili ya kwanza.